Kuzamia Zama za Kati Pale Gede

Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima. Walitia nanga hapo Aprili 1498 na merikebu za Vasco da Gama, wakalakiwa na mfalme wa mji, wakapewa rubani wa kuwavusha hadi India. Mwandishi mmoja wa safari ile alihesabu hata siwa zilizopigwa siku mfalme alipokuja kuwaona: mbili, za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu. Baadaye walifungua kituo cha biashara na kujenga kanisa dogo, wakaandika juu ya ugomvi wa Malindi na Mombasa mpaka wino ukawakaukia. Lakini katika makaratasi yote hayo Gede haimo. Mji wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme na kuta mbili za mawe, kilomita 15 hivi tu kusini mwa Malindi, haukutajwa hata kwa jina.

Hapo ndipo mtafiti wa zama za kati wa pwani hii anapoachana na mwenzake wa Ulaya. Yule wa Paris au Oxford huanza maktabani, na hati ya ngozi na mwandiko wa Kilatini unaohitaji miaka miwili kuusoma bila kigugumizi. Mji ambao haukuandikwa, kwake yeye, ni kama haukuwapo. Anayetafuta shahada ya uzamivu katika karne hizo hizo huku Kilifi huanza na chekeche.

Kiswahili nacho kimemfanyia mzaha mzuri. Uzamivu ni neno la kuzama, na zama ni wakati. Mtu anazamia zama. Historia ya magofu ya Gede, Mnarani, Mtwapa na Mambrui, kama inavyosomwa leo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu waliokuja kuzama wakiwa na tasnifu ya kumaliza, na kila aliyeibuka aliibuka na jambo lililomharibia hesabu aliyemtangulia.

Wa kwanza kukaa hapo kwa muda mrefu hakuwa mwanafunzi. Kabla yake, John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alipita Gede mwaka 1884 na kuendelea na safari zake. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ililitangaza gofu hilo kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na mwaka 1948 likafanywa hifadhi, James Kirkman akiwekwa kuwa msimamizi. Alichimba kwa miaka kumi. Wakati huo msitu ulikuwa umemeza kila kitu, mizizi imepasua kuta za matumbawe na chokaa, na wenyeji walijua kwamba mahali pale pana wenyewe wasioonekana. Kirkman, Mwingereza asiye na mchezo, alikiri kwa maandishi kwamba siku za mwanzo alihisi kuna mtu anamchungulia kutoka nyuma ya kuta, si kwa chuki wala kwa wema, anangoja tu.

Hayo hayakumzuia. Alifukua msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba za matajiri zenye vyoo vya ndani, akazipa nyumba hizo majina kwa vitu alivyovikuta humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Fedha za Kichina. Majina hayo yamebaki kwenye vibao hadi leo na yanafurahisha, ingawa hakuna mkazi wa Gede aliyewahi kuiita nyumba yake hivyo. Mawili mengine yanamtega mtafsiri. Kirkman alikuwa na nyumba ya makombe ya kauri na nyingine ya bakuli la porseleni, na Kiswahili kinaviita vyote viwili kauri, ile simbi ya baharini na kile chombo cha Mchina.

Tarehe alizipata kwa njia ya werevu. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, likampa nguzo ya kufungia kamba. Mengine aliyasoma kwenye vyombo. Bakuli la Kichina la buluu na nyeupe linajulikana lilichomwa karne gani, kwa hiyo sakafu iliyolifunika nayo inapata umri. Njia hiyo ilifanya kazi. Ila ilikuwa na ulemavu wake: ilimfanya mchimbaji atazame baharini muda wote. Kilichotoka China, Uajemi au Venisi kilikuwa na tarehe na jina, na chungu cha kupikia kilichofinyangwa mtaani kilikuwa kigae tu. Haki yake apewe, maana Kirkman alivipanga vigae hivyo vya kienyeji kwa subira ambayo wengi hawakuwa nayo. Lakini kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1954, kuhusu uchimbaji wa msikiti mkuu, kiliiita Gede mji wa Waarabu, kwenye jalada kabisa.

Hata herufi ya mwisho ya jina ina kisa. Vitabu vyake viliandika Gedi, na Gedi ndiyo iliyopita kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Julai 2024. Mtu wa hapo husema Gede, neno linaloelezwa kuwa la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Mji ulipokuwa hai huenda uliitwa kwa jina jingine kabisa.

Baada ya uhuru walianza kuja watu wa aina nyingine, na baadhi yao walikuwa Wakenya.

Henry Mutoro aliipa bahari mgongo. Tasnifu yake, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1987, ilihusu kaya za Wamijikenda, ile misitu yenye maboma ya kale kwenye vilima vya nyuma ya pwani. Mpaka wakati huo simulizi lililokuwa likitegemewa ni la kuhama kutoka Singwaya, kaskazini. Thomas Spear alikuwa amelikusanya kwa wazee na kulitoa kitabuni mwaka 1978, akikadiria kwamba kaya zilianzishwa karne ya 16 au mwanzoni mwa 17. Ikiwa ndivyo, basi Gede ilipojengwa, huku nyuma hapakuwa na watu wa kutajwa, na swali la nani aliijenga linajijibu lenyewe: mtu wa jahazi.

Mutoro alichimba, na vigae alivyovitoa vilikuwa vya karne kadhaa kabla ya hapo. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kifaa cha mchimbaji wa mambo ya kale ni mwiko, ule ule wa fundi mwashi, na kayani neno hilo lina uzito mwingine: kukata mti ni mwiko, kuingia bila idhini ya wazee ni mwiko. Kuchimba basi kunahitaji mazungumzo marefu kabla ya mwiko mmoja kugusana na mwiko mwingine. Mutoro alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2000 Richard Helm alimaliza tasnifu yake Bristol juu ya wakulima wafua chuma wa pwani ya kati na kusini ya Kenya, na matokeo yakaenda njia ile ile: vijiji vya wakulima vilikuwapo nyuma ya pwani tangu milenia ya kwanza, kabla ya mji wowote wa mawe kusimama. Simulizi la Singwaya halikufa kwa hilo. Kaya zenyewe ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, miaka 16 kabla ya Gede, na wazee hawajaacha kulisimulia.

Huku nyuma, chungu cha mtaani kilikuwa kimepandishwa cheo. Mark Horton, aliyepata uzamivu Cambridge mwaka 1984, alichimba Shanga, kisiwani Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi akafika kwenye vibanda vya miti na udongo vya karne ya 8, vimezungukwa na vigae vya kienyeji. Felix Chami, Mtanzania, alitetea tasnifu yake Uppsala mwaka 1994 akiwa na vigae vya ukoo huo huo kutoka pwani ya Tanzania. Horton alivipa jina la mto Tana. Chami alivipa jina la pembetatu zilizochorwa shingoni mwake. Walivutana juu ya jina kama majirani wanaovutana juu ya mpaka wa shamba, ila wote wawili waliona jambo moja: chungu kile kile kimetapakaa pwani na bara, na kimetangulia mawe. George Abungu naye, katika tasnifu yake ya Cambridge, aliufuata mto Tana kutoka deltani hadi ndani ili kuonyesha jinsi miji ya pwani ilivyoshikana na watu wa mtoni. Baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Stéphane Pradines wa Sorbonne aliiendea Gede yenyewe, aliyoichimba kuanzia 1999 hadi 2003, sambamba na tasnifu juu ya ngome na ukuaji wa miji ya Afrika Mashariki. Alirudisha mwanzo wa mji nyuma hadi karne ya 11.

Kisa kitamu zaidi, hata hivyo, ni cha chuma.

Mwaka 1154 al-Idrisi, aliyekuwa akimtumikia mfalme Roger wa Pili kule Sisilia, alimaliza kitabu chake cha jiografia ya dunia. Hakuwahi kukanyaga pwani hii. Alikusanya maneno ya wasafiri, na juu ya Malindi akaandika kwamba watu wake wana machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho biashara yao kubwa. Msomaji wa leo anacheka kidogo. Malindi ni mchanga, matumbawe na minazi. Machimbo ya chuma yako wapi? Wanazuoni wengine walisema mji anaoutaja si Malindi hii bali Mambrui, kilomita chache kaskazini. Wengine waliipeleka mbali zaidi, mpaka Manda.

Chapurukha Kusimba alilifanya suala hilo kuwa tasnifu. Aliandika Bryn Mawr, Marekani, na kumaliza mwaka 1993, na njia yake ilikuwa na miguu miwili: aliwafuata wahunzi waliokuwa bado wanafua chuma pwani, na alichukua vipande vya chuma cha kale kutoka kwenye magofu vikatazamwe kwa darubini. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichapisha matokeo. Miongoni mwa vipande vile kulikuwa na chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya chungu, ufundi unaojulikana zaidi kutoka India. Kilitengenezwa hapa au kililetwa? Watu bado wanabishana. Kisha mwaka 2010 walifika wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa, wakachimba Mambrui na Malindi. Magazeti yalishangilia sarafu moja ya shaba ya mfalme Yongle wa China, na sababu ilikuwapo: ni mfalme yule yule ambaye mwaka 1415 alipokea twiga kutoka Malindi, mnyama ambaye watumishi wake walimchukulia kuwa kiumbe wa baraka. Lakini kwa aliyekuwa akimkumbuka al-Idrisi, habari kubwa ilikuwa mavi ya chuma. Mambrui palikuwa pakifuliwa chuma, na kwa wingi.

Mavi ya chuma hayapigwi picha ya ukurasa wa mbele.

Mwanafunzi anayeanza leo anakutana kwanza na karatasi. Kibali cha utafiti hutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na ruhusa ya kuchimba iko chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, inayomtaka ashirikiane na Makumbusho ya Taifa na kuviacha alivyovipata viwe mali ya umma. Halafu zinakuja lugha. Kiarabu anakihitaji kwa mawe ya makaburi na kwa nakala ya habari za Kilwa iliyoko British Library, Kireno kwa João de Barros aliyezichapa habari hizo hizo mwaka 1552, Kifaransa kwa Pradines. Kigiriama na Kiswahili anavihitaji kwa watu wanaoshika sururu, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuhisi kwamba udongo umebadilika chini ya mkono.

Kisha kazi yenyewe, ambayo haina maajabu. Mtaro wa mita mbili kwa mbili, kamba zimenyooshwa, udongo unaondolewa tabaka kwa tabaka na kuchekechwa. Jioni vigae vinaoshwa kwa mswaki kwenye beseni, vinaanikwa, vinaandikwa namba moja moja. Wiki kumi za mtaro huzaa miaka miwili ya kuhesabu midomo ya vyungu. Mkaa wa jikoni la karne ya 12 unafungwa kwenye karatasi ya alumini na kusafirishwa hadi maabara ya ng'ambo kupimwa umri, na gharama ya kipimo kimoja inamfanya mwanafunzi achague vipande vyake kama mtu anayechagua mahari.

Tukizipanga tasnifu hizi mezani, tutaona kwamba zote zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na kwamba Los Angeles, Cambridge, Bristol, Bryn Mawr, Uppsala na Paris ndiko zilikotetewa. Tangu mwaka 2013 Kilifi ina chuo kikuu chake kamili, Chuo Kikuu cha Pwani, na kutoka hapo hadi msikiti wa Mnarani aliouchimba Kirkman ni kuvuka daraja la ghuba tu. Hata hivyo mtoto wa shule ya Gede anayetaka kujua mabibi na mababu zake wa karne ya 13 walikula nini katika chungu gani, hana kitabu cha Kiswahili cha kumweleza aliyoyapata Mutoro. Hilo ni deni, na wanaodaiwa wanajijua.

Jina lenyewe la zama za kati limekopwa. Kati ya nini na nini? Huko Ulaya ni kati ya Roma na kufufuka kwa elimu ya Kirumi. Katika kaunti ya Kilifi kuna pango la Panga ya Saidi, ambamo watafiti walimkuta mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na tukipima kutoka kwake, Gede ni habari ya jana jioni. Wazee hawasemi zama za kati. Husema wakati wa Washirazi, wakati wa Wareno.

Na huo wakati wa Washirazi ulikuja kuwashika wasomi mguu. Wanazuoni wa miaka ya 1980 na 1990, wakiwa na vigae vyao vya kienyeji mkononi, wengi waliichukulia habari ya mabwana kutoka Shirazi ya Uajemi kuwa hadithi ya watu wakubwa kujitafutia ukoo mkubwa. Ilikuwa hoja nzuri, tena ilikuwa lazima isemwe, baada ya miongo ya kuambiwa kwamba Mwafrika hakujenga kitu. Halafu Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka makaburi ya Kenya na Tanzania. Kusimba alikuwa mmoja wa waandishi, na sehemu kubwa ya mifupa ilitoka Mtwapa, hapa hapa Kilifi. Mchanganyiko wa Afrika na Asia ulionekana kuanza karibu na mwaka 1000. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume, wengi wa asili ya Uajemi. Upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake.

Kwa hiyo wazee hawakuwa wamedanganya kuhusu baba, na vigae havikuwa vimedanganya kuhusu mama. Watoto walizungumza lugha ya mama zao, ya Kibantu, na wakapikiwa katika vyungu vya mama zao. Kirkman alikuwa ameisoma sahani ya sebuleni. Ilichukua miaka sabini kufika jikoni.

Swali la kwa nini Gede ilihamwa lingali wazi, na lina washukiwa wengi. Wazimba walipita mwaka 1589, wakauvamia mji wa Mombasa, wakaja kuvunjwa nguvu na Wasegeju karibu na Malindi. Mwaka 1593 mfalme wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na nguvu ya upande huu ikaondoka naye. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Na maji: kisima cha karibu na msikiti mkuu kinaonyesha kiliongezwa kina, kana kwamba watu walikuwa wakiyafuata maji yanayowakimbia. Kila mshukiwa ana wakili wake kwenye majarida.

Upande wa bahari nao umepata wazamivu, safari hii kwa maana ya kulowa. Mwaka 2013 Caesar Bita, mtaalamu wa mambo ya kale ya chini ya maji wa Makumbusho ya Taifa, aliiona meli iliyozama karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mita sita hivi tu chini ya maji. Ni ya Kireno, ya karne ya 16, na ndani yake kumetoka mikate ya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 yeye na wenzake, Filipe Castro wa Ureno akiwemo, walichapisha makala wakisema huenda ni São Jorge, meli ya safari ya tatu ya Vasco da Gama ya mwaka 1524. Huenda, kwa sababu bado hawajapata mbao za kutosha kuliapia.

Gede kwenyewe, mgeni akipita lango huongozwa moja kwa moja hadi jumba la mfalme na msikiti, njia ile ile ya mitaro ya Kirkman, huku kima wakishuka kuomba ndizi. Nyumba za mawe ziko ndani ya ukuta wa ndani. Lakini kuna ukuta wa nje pia, na kati ya kuta hizo mbili ndipo walipokaa watu wengi zaidi, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba hizo hazikuacha kuta wala vibao. Zimeacha doa la sakafu iliyopigwa, mashimo ya nguzo yaliyojaa udongo wa rangi nyingine, na mafungu ya vigae. Chekeche nyingi bado hazijafika huko. Msitu umesimama juu yake, na Makumbusho hupokea maombi ya vibali.